Solo ya besi: mbona sisikiki?

Maswali yaliyonifikia safari hii yametoka kwa wapiga gitaa la besi watupu, wengi wa kanisani na wachache wa bendi za dansi. Wapiga gitaa la solo na wapiga kinanda nawaomba msome pia, kwa sababu nusu ya majibu yanawahusu ninyi.

Shikamoo mwalimu. Napiga besi kwenye kwaya hapa Mbeya. Zamu yangu ya solo ikifika naongeza sauti hadi mwisho, lakini watu wanasema wanasikia mngurumo tu, noti hawazipati. Je, amplifaya yangu ni ndogo?

Marahaba. Sidhani kama kosa ni la amplifaya. Uzi mnene wa E ukipigwa wazi hutoa sauti ya Hz 41 hivi (mitetemo 41 kwa sekunde), na ule mwembamba wa G Hz 98. Huko chini sikio la binadamu ni zito kutofautisha noti, na ndiko inakonguruma pia ile ngoma kubwa ya mguuni. Ukiongeza sauti, unaongeza mngurumo uleule. Kinachomwezesha msikilizaji kuishika noti ni sauti za juu zinazozaliwa pamoja nayo, hasa kati ya Hz 700 na 1,200, pamoja na ule mguso wa kidole kwenye uzi, ambao uko juu zaidi, Hz 2,000 hadi 3,000.

Kwa hiyo solo ikikaribia, shusha kidogo kitufe cha sauti za chini na upandishe cha sauti za kati. Ukiwa peke yako chumbani sauti hiyo itakuudhi, utaona kama gitaa linasemea puani. Bendi ikiingia, ndiyo hiyo inayopenya. Ndiyo maana nasisitiza: sauti ya solo itafute wenzako wakiwa wanapiga, siyo nyumbani.

Kuhusu ukubwa, ukitoka wati 100 kwenda 200 kwa spika zilezile unapata desibeli 3 tu zaidi. Sikio lione sauti imekuwa mara mbili, zinahitajika kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Hela hiyo itunze.

Nyuzi zangu ni za zamani sana. Zinachangia? (Mombasa)

Kwenye solo, ndiyo. Kwa kusindikiza, nyuzi kuukuu hazina ubaya wowote. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za kampuni ya muziki ya Motown kule Detroit, Marekani, alijulikana kwa kutobadilisha nyuzi mpaka zikatike, na besi yake ilibeba nyimbo hizo vizuri kabisa. Ila uzi mchovu umepoteza zile sauti za juu nilizozitaja, na hakuna kitufe cha kuzirudisha.

Kabla ya kwenda dukani, sogeza mkono wa kulia nyuma, karibu na daraja la gitaa, pale nyuzi zinapofungwa. Uzi hapo ni mgumu kidogo na sauti inabana, kila noti inatoka na makali yake. Mpiga besi Jaco Pastorius alijenga sauti yake hapo hapo, akitumia pikapu (kinasa mlio kilicho chini ya nyuzi) ya nyuma ya gitaa la Fender Jazz Bass. Kama gitaa lako lina pikapu mbili, punguza ya mbele wakati wa solo usikie tofauti.

Mpiga kinanda wetu anatembeza mkono wa kushoto chini muda wote, hata nikiwa kwenye solo. Nimwambieje bila kugombana? (Nakuru)

Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Solo ya besi haifi kwa sababu ya vifaa, inafia kwenye mpangilio wa bendi. Solo ya gitaa inaweza kupita juu ya kila mtu, kwa kuwa huko juu kuna nafasi. Besi inapitia katikati ya watu: mkono wa kushoto wa kinanda, gitaa la kati, ngoma. Wasipokupisha, hakuna pedali, kile kifaa cha kubadili sauti kinachokanyagwa, itakayokuokoa.

Lizungumzeni mazoezini, kwa utulivu, na mpatane kwa vitendo. Solo ikianza, mpiga kinanda anyanyue mkono wa kushoto kabisa, na wa kulia ushike kodi (noti kadhaa kwa pamoja) moja ndefu au anyamaze. Gitaa la kati lipande juu ya shingo na kupiga vipande vifupi vilivyokatwa. Mpiga ngoma aache matoazi makubwa, abaki na haihati (matoazi mawili ya kukanyaga) iliyofungwa na mdundo mwepesi wa mguu. Jaribuni mzunguko mmoja hivyo, kisha mmoja kama mnavyofanya sasa, mkiwa mmerekodi kwa simu. Mpe mwenzako simu asikilize mwenyewe. Hutahitaji maneno mengi.

Wakubwa wamefanya hivyo siku zote. Mwaka 1965 John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who, alipiga kwenye wimbo "My Generation" solo ya besi inayokumbukwa hadi leo, na ilijengwa kwa kupokezana: gitaa linasema, linapisha, besi inajibu. Mpiga besi Bakithi Kumalo wa Soweto, katika kazi aliyomfanyia mwimbaji Paul Simon mwaka 1986, alipewa sekunde chache tu, bendi ikampisha. Sekunde hizo zimemtambulisha dunia nzima.

Kaka, kupiga besi kwa kofi kunasaidia? (Dar es Salaam)

Kunasaidia, kwa sababu dole gumba likigonga uzi, na kidole kikiuvuta ukarudi kwenye shingo, unapata ule mlio mkali ambao masikio hayawezi kuukosa. Mpiga besi Larry Graham alianza hivyo akipiga na mama yake, bila mpiga ngoma: dole gumba lilishika nafasi ya ngoma kubwa, na kuvuta uzi kukashika nafasi ya sneya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali. Lakini tazama wimbo. Kwenye rumba ya taratibu au pambio la ibada, kofi linavunja hali iliyokwisha kujengwa, mimi nisingeliweka hapo.

Pedali gani ninunue kwanza?

Ya kuongeza sauti safi, iliyowekwa desibeli 3 hadi 6 juu, uikanyage solo ikianza na uikanyage tena ikiisha. Kompresa, inayosawazisha noti kali na noti laini, ifuate, hasa kwa wapiga kofi, maana noti zao zinapishana mno kwa nguvu. Pedali ya kukwaruza sauti inapendeza, ila iwe na kitufe cha kuchanganya na sauti safi, la sivyo uzito wa besi unapotea.

Nikipewa solo najaza noti nyingi, halafu naona watu wamepoa. (Kisumu)

Anza na sauti ya wimbo wenyewe. Watu wanaujua, wakiusikia kwenye besi watakufuata, na hapo ndipo utaanza kuupamba. Panda juu ya kituo cha 12 cha shingo ya gitaa, kwani G ya hapo ni Hz 196, sehemu ambayo hata spika ndogo inaitoa. Acha nafasi kati ya sentensi na sentensi. Wewe uko kwenye kitovu cha benga, kwa hiyo sikiliza besi ya benga ilivyo: noti fupi, zimekatwa safi, na kimya kilichopo kati yake kina mdundo.

Gitaa langu linatumia betri. Katikati ya solo sauti inaanza kukwaruza na kufifia. (Arusha)

Betri ya volti 9 imekwisha. Badilisha, na ukimaliza kupiga chomoa waya kwenye gitaa. Ukiuacha umechomekwa, saketi inabaki imewashwa na betri inaliwa usiku kucha.