Nisaini karatasi ya kiwanda nichukue milioni mbili?

SWALI: Habari wakili. Nalima mchicha na chainizi kando ya korongo, nje kidogo ya Dodoma mjini. Kiwanda cha mafuta ya alizeti kinamwaga maji humo, yana utando na yananuka, bustani imeungua na kisima kimeanza kutoa harufu. Kaja mtu anajiita mpatanishi, anataka nisaini nipewe milioni mbili yaishe. Nikubali au niongeze dau?

JIBU: Ndugu yangu usisaini, na dau usiongeze. Unaongeza dau la nini wakati hujui kisimani kumeingia nini? Hili nakutana nalo karibu kila wiki na linaniuma, watu wanadhani kupatana ni kutajiana bei. Bei inakuja mwisho. Peleka malalamiko kwa maandishi NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, na bodi ya maji ya bonde, hao bodi ndo wanatoa kibali cha kutiririsha majitaka, waombe waje wachukue sampo wenyewe, upande wa juu maji yanakotoka kabla ya bomba la kiwanda, upande wa chini baada yake, na kisimani. Ukichota mwenyewe kwenye chupa ya soda ikakaa siku tatu juani, wakili wao ataitupa dakika moja. Kanuni za viwango vya ubora wa maji za 2007 zinataka BOD, yaani uchafu unaomaliza oksijeni ya maji, isizidi 30 mg/l. Ukikaa mezani na kipimo kinachopita hapo, wao ndo wataanza kutaja bei.

Sasa hiyo karatasi. Kuna mama alinifungulia yake kutoka pindo la kitenge, dole gumba la wino wa bluu limegongwa chini, na juu yake pameandikwa kapokea malipo ya "madhara yaliyopo na yatakayojitokeza". Yatakayojitokeza! Uchafu unatembea ardhini polepole, kisima chako kinaweza kuharibika zaidi mwakani, na haki ya kudai ishauzwa. Makubaliano ya maana yanataja kisima kipya, maji ya kutumia kwa sasa, tarehe ya kujenga mabwawa ya kusafisha majitaka, na nani analipia vipimo. Kesi ikiwa mahakamani yanasajiliwa humo, wakikiuka unakazia hukumu, yaani mahakama inawalazimisha watekeleze. Ila msikae mnaongea tu, ukomo wa madai haya ni miaka 3 na mazungumzo hayausimamishi.

Na wengine wote kanda hii ya alizeti, hawa vishoka wanaozunguka na bahasha wanalipwa na kiwanda. Anayejiita wakili mtafute kwenye e-Wakili, mfumo wa mahakama wa mtandaoni wa mawakili, ni bure. Akikwambia leo ndo mwisho wa hela, mwache aondoke nayo.