Kabla hujasogeza nafasi hata moja: ushauri kwa anayesafisha nyaraka za mifumo ya faili ya Linux

Wanaoniuliza waanzie wapi kuchangia kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa uendeshaji, huwa nawaelekeza kwenye folda moja: Documentation/filesystems. Humo mna maelezo ya ext4, overlayfs, tmpfs, proc, F2FS na mengine mengi, pamoja na waraka mrefu wa VFS, ile tabaka ya kerneli ambayo mifumo yote ya faili hupitia. Kazi ya kusafisha mpangilio humo haijawahi kwisha, na huhitaji kuwa bingwa wa lugha ya C ndipo uianze.

Ila huwa nawaambia mapema pia kwamba wasiichukulie kama kazi ya kupamba. Katika nyaraka hizi nafasi tupu hubeba maana. Ukiigusa bila kuelewa kilichoandikwa, unaweza kumpa msomaji taarifa ya uongo huku kompyuta ikikuambia kwamba mambo yote ni shwari.

Fujo iliyomo ina historia yake. Kwa miaka mingi nyaraka za kerneli zilikuwa maandishi matupu, kila mwandishi akipanga anavyoona inafaa, na nyingine chache ziliandikwa kwa DocBook. Mwaka 2016, katika toleo la 4.8, kerneli ilianza kutumia Sphinx, programu inayogeuza maandishi kuwa kurasa za wavuti, pamoja na muundo wake wa kuandikia wa reStructuredText. Tangu hapo faili za .txt zimekuwa zikigeuzwa kuwa .rst hatua kwa hatua, na wimbi kubwa la kazi hiyo lilikuja mwaka 2019 na 2020, Mauro Carvalho Chehab akibeba sehemu kubwa ya mzigo. Mtunzaji wa nyaraka zote ni Jonathan Corbet. Kugeuza faili nyingi kiasi hicho kuliacha mabaki: amri zilizomezwa na aya, orodha zilizovunjika, vichwa visivyolingana. Mabaki hayo ndiyo yetu sasa.

Nitakaa kidogo kwenye faili ya locking.rst, kwa sababu inaonyesha hatari hii kuliko nyingine yoyote. Ina majedwali yanayoeleza kwamba operesheni fulani inapoitwa, kufuli gani huwa limeshikwa; kufuli ni kinga inayozuia sehemu mbili za msimbo zisiharibiane kazi kwenye kitu kimoja. Chukua jedwali la address_space_operations. Mstari wa read_folio unasema folio (kipande cha kumbukumbu chenye data ya faili) imefungwa na operesheni yenyewe ndiyo itakayoifungua. Safuwima ya i_rwsem, ambalo ni kufuli la inode (rekodi ya kerneli kuhusu faili), iko tupu. Na chini ya invalidate_lock kuna neno shared, yaani kufuli hilo limeshikwa kwa namna inayoruhusu wasomaji wengine. Jedwali limechorwa kwa mistari ya alama za =, na pale neno linapoangukia ndipo linapohesabiwa. Sasa sogeza neno hilo kushoto mpaka likae chini ya i_rwsem. Sphinx hailalamiki. Inachora jedwali zuri, limenyooka, linalomwambia mwandishi wa mfumo mpya wa faili kwamba kufuli la inode limeshikwa wakati halijashikwa. Naye ataandika msimbo akitegemea ulinzi ambao haupo. Hitilafu za namna hiyo hujitokeza kwa nadra, pengine seva ikiwa imeelemewa na kazi, na ni miongoni mwa zile ngumu kabisa kuzifuatilia.

Kinachoongeza hatari ni tabo. Kwenye kerneli tabo moja ni nafasi nane, na majedwali mengi ya faili hiyo yamepangwa kwa tabo. Kihariri chako kikiwa kimewekwa nafasi nne, safuwima zitaonekana zimepinda na mkono utakuwasha kuzinyoosha. Weka nane kwanza. Mara nyingi utagundua kwamba hapakuwa na tatizo.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza, kabla ya amri yoyote, ni kusoma aya unayotaka kuirekebisha mpaka uweze kumweleza mtu mwingine inasema nini. Kama huwezi, usiiguse bado. Na mahali panaporuhusu, kiangalie kitu chenyewe kinachoelezwa. Nyaraka za ext4 ni nzuri kwa zoezi hili, kwa sababu zinaeleza baiti kwa baiti jinsi diski inavyopangwa. Jedwali la superblock, sehemu ya diski yenye taarifa kuu za mfumo wa faili, linasema kwamba kwenye 0x38 kuna namba ya baiti mbili inayoitwa s_magic, na thamani yake ni 0xEF53. Superblock yenyewe huanza baiti ya 1024 kutoka mwanzo wa diski. Basi 1024 ujumlishe 0x38, ambayo ni 56, unapata 1080. Huna haja ya diski halisi:

    truncate -s 64M diski.img
    mkfs.ext4 diski.img
    xxd -s 1080 -l 2 diski.img

Utaona 53ef. Baiti zimepinduliwa kwa sababu ext4 huhifadhi sehemu hiyo kwa mtindo wa baiti ndogo kutangulia, na ndicho kinachosemwa na __le16 kwenye safuwima ya ukubwa. Ukishafanya hivyo mara moja, jedwali lile halitakuwa tena msururu wa alama mbele ya macho yako. Utajua kila safuwima iko pale kwa kazi gani, na utajua pia kwamba ukipoteza herufi moja kwenye __le16 umepoteza taarifa.

Majedwali ya ext4 yameandikwa kwa njia tofauti na yale ya makufuli: ni orodha ndani ya orodha, kila safumlalo ikianza kwa nyota na kila seli kwa kistari. Faida yake ni kwamba kosa hujitangaza. Safumlalo moja ikipungukiwa na seli, Sphinx hulikataa jedwali zima na kukutajia safumlalo yenye kasoro. Kwa mtu anayeanza, hapa ni mahali salama zaidi kuliko locking.rst, na mimi ningeanzia hapa.

Maonyo mengine ya Sphinx utayazoea haraka, maana chanzo chake ni vitu vichache vinavyojirudia. Nyota ya C ni kimojawapo: ukiandika struct inode *dir katikati ya sentensi, Sphinx hudhani umeanza maneno ya mlazo na inamtafuta mwenzake wa kufungia. Kingine ni alama ya chini iliyo mwishoni mwa neno. Majina ya sehemu za superblock huanza na s_, na mtu akiandika tu kwamba "majina huanza na s_", Sphinx hukichukua kipande hicho kuwa kiungo cha kwenda mahali fulani, halafu inalalamika kwamba mahali hapo hapapo. Yote mawili hutatuliwa kwa kuzungushia neno alama mbili za mkato wa nyuma (``) kila upande. Kisha kuna amri zilizosogezwa ndani chini ya sentensi inayoishia na nukta pacha moja. Mwandishi wa zamani alitaka zionekane kama zilivyo. Sphinx inazisoma kama nukuu na kuunganisha mistari yake iwe aya moja. Amri ya kupachika overlayfs, yenye lowerdir, upperdir na workdir, ikifanyiwa hivyo haifai tena kunakiliwa. Kuongeza nukta pacha ya pili kunatosha.

Vichwa navyo vina mtego wake. Sphinx haijui kwamba = ni kubwa kuliko -; hujifunza ngazi kwa kufuata mpangilio wa kutokea kwake ndani ya faili. Ukibadilisha alama ya kichwa kimoja cha juu ili kipendeze, unaweza kuwa umeshusha au kupandisha ngazi ya kila kilicho chini yake. Baada ya kugusa kichwa, fungua ukurasa kwenye kivinjari uangalie jedwali la yaliyomo lote, na usiishie kwenye sehemu uliyoibadilisha.

Sasa niseme jambo ninaloliamini sana, na ambalo wanaoanza hulipuuza: fanya kidogo. Mwongozo wa nyaraka za kerneli wenyewe unasihi watu wasizidishe mapambo ya reStructuredText, na watumie alama za mpangilio chache iwezekanavyo wanapogeuza faili za zamani. Sababu ni kwamba wengi wanaozisoma hawafungui kivinjari kabisa. Wanazisoma kwenye terminali kwa less, au wanazipekua kwa grep wakiwa katikati ya kazi. Faili ya .rst iliyojaa alama inamtesa msomaji huyo ili kumfurahisha mwingine. Jina la kazi likiandikwa na mabano yake, mfano vfs_read(), Sphinx ya kerneli hulitengenezea kiungo yenyewe pale maelezo yake yanapokuwepo. Njia ya faili kama Documentation/filesystems/vfs.rst nayo hugeuzwa kuwa kiungo bila msaada wako. Kwa hiyo kuondoa alama za :c:func: zisizohitajika ni usafi wa kweli, wakati kuongeza nyingine ni kinyume chake.

Katika kufanya kidogo kuna pia kutopanga upya aya nzima kwa sababu mstari mmoja umerefuka. Ukivunja mistari upya, historia ya aya hiyo kwenye Git, programu inayotunza kumbukumbu za mabadiliko, inakuwa na jina lako kila mahali, na mkaguzi analazimika kusoma maneno themanini ili kutafuta moja uliloligusa. Acha mstari uwe mrefu kidogo. Na ukikutana na maelezo yaliyopitwa na wakati, yarekebishe, lakini kwa kiraka chake, yaani kifurushi tofauti cha mabadiliko unachotuma. Kiraka cha mpangilio kisibadilishe maneno, na cha maneno kisibadilishe mpangilio. Mkaguzi akijua kwamba hiki ni cha nafasi tu, anakikagua kwa jicho la nafasi.

Hakikisha mwenyewe kabla ya kumtumia mtu. Mimi hujenga kurasa kabla ya kubadilisha na baada ya kubadilisha, nikizigeuza zote mbili kuwa maandishi matupu kwa w3m -dump, kisha nalinganisha kwa diff. Kama nilikusudia kurekebisha amri tatu, tofauti zinazotokea ziwe za amri hizo tatu. Chochote cha ziada nakifuatilia mpaka nijue kimetoka wapi. Watu wengine hutegemea git diff -w, ambayo huficha mabadiliko ya nafasi. Kwa msimbo wa C inasaidia; kwa .rst inaficha kitu kile kile unachopaswa kukikagua.

Kwa wenzangu wanaonunua bando kwa gigabaiti: huna haja ya kushusha historia yote ya kerneli, ambayo ni gigabaiti kadhaa. Tumia git clone --filter=blob:none; historia ya mabadiliko itakuja, na yaliyomo kwenye faili za zamani yatashushwa pale tu unapoyahitaji. Chaguo la --depth 1 ni jepesi zaidi, ila linakunyima git log na git blame, na kwenye kazi hii utazihitaji ili ujue ni nani aliandika jedwali lile na alikuwa anajaribu kusema nini. Wala usijenge nyaraka zote:

    make SPHINXDIRS=filesystems htmldocs 2> maonyo.txt

Kurasa zitakuwa ndani ya Documentation/output. Baadhi ya maonyo yatahusu viungo vinavyoelekea nje ya folda uliyoijenga, hayo yaache. Onyo likitaja faili ya .c badala ya .rst, kasoro iko kwenye maelezo yaliyoandikwa ndani ya msimbo, yale yanayoanza na /**, na huko ndiko kwa kurekebisha.

Kiraka kikiwa tayari, kipitishe kwenye scripts/checkpatch.pl, halafu scripts/get_maintainer.pl ikutajie wa kuwatumia. Soma majina hayo kwa makini, kwa sababu waraka wa mfumo wa faili una wenyewe: zaidi ya watu wa nyaraka, watunzaji wa mfumo huo nao wanapaswa kukiona, na mara nyingine ndio watakaokipokea. Kichwa cha ujumbe kitaje eneo kisha kitendo. Ndani yake eleza msomaji alikuwa anaona nini kabla na ataona nini sasa, ukibandika onyo la Sphinx kama lilikuwepo. Ujumbe unaosema tu kwamba umerekebisha mpangilio unamwachia mkaguzi kazi yote. Weka mstari wa Signed-off-by wenye jina lako, ambao ni tamko kwamba una haki ya kuitoa kazi hiyo.

Tuma kwa git send-email. Programu nyingi za barua pepe hugeuza tabo kuwa nafasi au huvunja mistari mirefu, na unajua sasa jedwali la makufuli litafanywa nini na hilo. Kisha subiri angalau wiki moja kabla ya kuulizia, zaidi ikiwa ni zile wiki mbili za mwanzo wa kila toleo ambazo watunzaji wanapeleka kazi zao kwa Linus Torvalds. Ukiombwa mabadiliko, yafanye, utume toleo la pili, na ueleze chini ya vistari vitatu kilichobadilika. Jibu kila hoja ya mkaguzi hata kama huikubali.

Jambo moja dogo: kuna folda ya Documentation/translations yenye Kichina, Kijapani, Kikorea, Kiitaliano na Kihispania. Kiswahili hakimo bado. Anayetamani kukiingiza siku moja atakuwa amejiandaa vizuri kwa kusafisha kwanza nyaraka anazotaka kuzitafsiri.

Kwa leo, jenga folda ile, fungua maonyo.txt, na utafute onyo linalohusu mfumo wa faili unaoutumia kila siku. Kama kompyuta yako ina Ubuntu au Debian, huenda ni ext4. Amri ya findmnt -no FSTYPE / itakuambia.