Barafu ya Aktiki: Majibu kwa Wasomaji

Swali: Dubu weupe wanakonda barafu ya bahari inapoyeyuka. Kwa nini wasitupiwe chakula pwani hadi bahari igande tena?

Jibu: Wanachokosa ni mafuta ya sili, mnyama wa baharini ambaye dubu humwinda juu ya barafu, tena kwa wingi usiobebeka. Sili huzaa mwezi wa Aprili hivi, ndani ya mashimo waliyochimba katika theluji juu ya barafu. Mtoto wa sili anapoachishwa kunyonya, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Hapo ndipo dubu hujaza akiba ya miezi ya njaa. Barafu ikikatika wiki tatu mapema, wiki anazopoteza ndizo zile nono.

Magharibi mwa Hudson Bay, Kanada, jike mwenye mimba anaweza kukaa hadi miezi minane bila kula, na katika muda huohuo huzaa na kunyonyesha. Dubu wa huko walikadiriwa kuwa karibu 1,200 mwaka 1987. Mwaka 2021 makadirio yalikuwa 618. Matunda ya porini, mayai ya ndege na mizoga haviokoi jahazi. Utafiti uliochapishwa 2024 ulifuatilia dubu 20 wa pwani hiyo kwa takriban wiki tatu za kiangazi: 19 walipungua uzito, wengine hadi kilo 1.7 kwa siku.

Kisha kuna tabia. Dubu aliyelishwa hurudi, tena milangoni mwa watu. Ndiyo maana mjini Churchill, kwenye pwani hiyohiyo, dubu anayekamatwa akizurura hufungiwa katika jengo maalumu na kupewa maji tu, kisha husafirishwa mbali kwa helikopta au huachiwa bahari ikiganda. Wanaouita huo ukatili wasisahau kwamba msimu huo angekuwa amefunga hata akiwa huru, na kwamba dubu mwenye mazoea huishia kupigwa risasi.

Swali: Barafu hii ikiisha, kina cha bahari kitapanda?

Jibu: Kwa kiasi kidogo mno, maana inaelea tayari. Inayopandisha bahari ni ya nchi kavu, kama ile ya Greenland. Ila barafu yenye theluji huakisi hadi asilimia 90 ya mwanga wa jua, na bahari iliyo wazi karibu asilimia 6 tu. Joto linalobaki huyeyusha na hiyo ya nchi kavu.

Swali: Mwaka mwingine tunasoma kuwa barafu imeongezeka. Je, inarudi?

Jibu: Hapana. Septemba 2012 ilishuka hadi kilomita za mraba milioni 3.4 hivi, Septemba iliyofuata ilizidi milioni 5. Upepo na mawingu ya msimu mmoja hutosha kuleta tofauti hiyo, lakini viwango vya miaka ya 1980 havijaonekana tena. Jueni pia namna inavyohesabiwa: bahari hugawanywa katika miraba, na mraba wenye barafu kuanzia asilimia 15 huingizwa wote. Unene hauonekani katika takwimu hiyo, na sehemu kubwa ya barafu ya leo ni changa na nyembamba.

Swali: Je, haiwezekani kupampu maji ya bahari juu ya barafu ili iwe nene?

Jibu: Kifizikia inawezekana. Barafu na theluji hukinga maji yaliyo chini yasipoe. Ukiyapandisha juu, kwenye hewa ya nyuzi 30 chini ya sifuri, huganda upesi. Tatizo ni ukubwa. Hesabu moja ya mwaka 2017 ilitaka pampu milioni 10 za nguvu ya upepo kwa asilimia 10 tu ya Aktiki. Tena theluji inayoloweshwa ndiyo ileile sili wanayochimba. Mwaka 2016 wanasayansi Dirk Notz na Julienne Stroeve walionyesha kuwa kila tani ya kaboni dayoksaidi inayotolewa huondoa takriban mita 3 za mraba za barafu ya Septemba. Kuzuia tani hiyo ni rahisi kuliko kuhudumia pampu katika giza la majira ya baridi ya Aktiki.

Swali: Basi wahifadhi wafanye nini kwa sasa?

Jibu: Wapunguze mizigo mingine. Barafu inaporudi nyuma hadi kwenye kina kirefu, walrasi, wanyama wakubwa wa baharini wenye meno marefu, hawawezi kuzamia chaza kutoka juu yake, hivyo hurundikana ufukweni. Point Lay, Alaska, walikadiriwa kufika 35,000 mwaka 2014. Ndege ikipita chini, kundi hutimka na watoto hukanyagwa. Dawa yake ni nafuu: ndege zipite juu, boti zikae mbali.

Katikati ya Bahari ya Aktiki, mkataba uliotiwa saini 2018 na kuanza kazi 2021 unazuia uvuvi wa kibiashara kwa miaka 16 ya mwanzo, samaki wachunguzwe kwanza. Mafuta mazito ya meli ni hadithi nyingine. Yakimwagika katika maji baridi hukaa muda mrefu na kunasa chini ya barafu, na masizi yake huifanya nyeusi ikayeyuka upesi. Yalipigwa marufuku katika maji ya Aktiki Julai 2024, lakini meli zenye matangi yaliyokingwa zimesamehewa hadi Julai 2029, na nchi za pwani ya Aktiki zinaweza kuzisamehe meli zao hadi tarehe hiyohiyo.