Haki za waja: maana yake, na toba yake inavyotimia

SWALI: Assalaam alaykum. Nasikia Mwenyezi Mungu husamehe dhambi zote ila haki za waja. Maana yake nini? Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikimega fedha za mauzo ya mwajiri wangu. Nimetubia, ila jumla yake siijui.

JIBU: Wa alaykumus salaam. Kwa Kiarabu, haki ni jambo lililothibiti. "Stahiki" ni neno la shina hilohilo. Mafakihi (wanazuoni wa sheria ya Kiislamu) wanapotaja haki za waja wanakusudia mali ya mtu, damu yake na heshima yake. Ukitaka kuitenga na haki ya Allah, tazama nani ana uwezo wa kuisamehe. Deni, mdai akilisamehe limeondoka. Swala hakuna binadamu wa kukusamehe. (Zaka ina pande zote mbili: ni ibada, na ni fungu la mafukara.)

Kwa hiyo kauli uliyoisikia haina maana kwamba rehema ya Allah imefupika, bali kwamba dai la mwenye mali husimama hadi alipwe au asamehe. Imam Nawawi, mwanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ametaja masharti matatu ya toba: kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia. Ikihusu haki ya mtu, huongezeka la nne: kumrudishia.

Kaa ukadirie. Ukiwa na yakini ya 300,000, na dhana yenye nguvu ikifika 350,000, lipa 350,000. Hulazimiki kujifichua, zimfikie kwa njia yoyote ya salama. Ila usiziite zawadi, maana akitaka kulipa fadhila utakuwa umejifungia fundo jingine. Akiwa amefariki, wape warithi wake. Ukimtafuta hadi ukakata tamaa ya kumpata, toa sadaka kwa niaba yake. Akitokea baadaye, mpe hiari ya thawabu au fedha zake.

Wengi huteleza kwenye "nisamehe kwa yote". Mwenzako husamehe akidhani unazungumzia maneno makali ya juzi, kumbe wewe unakusudia mali. Katika kauli yenye nguvu ya madhehebu ya Shafi, kumwondolea mtu deni lisilojulikana kiasi chake si sahihi. Ukitaka akuhalalishie, taja kwamba ni mali, na utaje kiasi.

Usipokuwa na fedha zote, lipa kidogo kidogo, na liandike deni hilo katika wasia wako, kwani mirathi haigawanywi ila baada ya wasia na deni (An-Nisaa 4:11).

Wallahu a'lam.