Je, kizibao cha reflekta kinasaidia mwendesha pikipiki?

Habari ndugu. Umeuliza kama kuna haja ya kuvaa kizibao cha reflekta wakati taa ya mbele inawaka muda wote. Vaa. Utafiti uliofanyika Auckland, New Zealand, na kuchapishwa mwaka 2004 ulikuta waliovaa nguo za kung'aa au za kuakisi mwanga walikuwa na hatari ya kuumia ajalini pungufu kwa asilimia 37. Halafu taa ya mbele haimsaidii anayekuja nyuma yako.

Kwanza kagua unachovaa. Rangi ya njano kali hufanya kazi mchana na jioni kwa sababu hugeuza miale ya jua isiyoonekana kuwa mwanga unaoonekana. Usiku kazi hiyo ni ya ile mistari ya kijivu, inayorudisha mwanga kwa gari lililoumulika. Unahitaji vyote viwili.

Kupima ni rahisi: tundika kizibao gizani, rudi nyuma hatua thelathini, shika tochi kando ya jicho umulike. Mistari isipowaka vizuri, nunua kingine. Jua hupausha rangi. Matope na kufua mara nyingi huua mistari.

Kosa kubwa ninaloliona ni begi la mgongoni au abiria kufunika kila kitu. Abiria avae chake, begi libandikwe mistari. Weka mingine nyuma ya kofia na kwenye vifundo vya miguu, maana taa za chini za gari huanza kumulika huko. Na kibane mwilini, kisipeperuke kikanaswa.

Ukifika njia panda, bado endesha kama hujaonekana.