Maji ya korongo usiku: moyo utulieje?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nyumba yetu iko hatua kama 60 kutoka korongoni, chini ya milima ya Kiboriani. Msimu uliopita maji yalishuka usiku. Nilipiga mayowe, watoto watatu wakatawanyika, mmoja akakimbilia huko huko korongoni. Baba yao husafiri mara nyingi. Naambiwa nisali zaidi. Je, sala itanipa utulivu? – Mama wa watatu, Mpwapwa

JIBU: Marahaba, mama. Itakupa, ila anza sasa kabla mvua za Desemba hazijafika.

Baada ya sala ya jioni, keti. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe polepole ukihesabu hadi 6. Huko kuitoa kwa muda mrefu ndiko kunakopunguza mapigo ya moyo. Tasbihi ya punje 33, pumzi moja kwa kila punje, huchukua kama dakika tano na nusu. Mwenye rozari apite makumi matatu. Kila unapotoa pumzi, tamka neno moja la dini yako, “Ee Mungu” au “Ya Latifu”, lile lile kila siku. Ukiona kizunguzungu au ganzi vidoleni, unapumua kwa nguvu mno na kaboni dayoksaidi imepungua damuni. Punguza.

Usiku wa maji ni pumzi tatu tu, macho wazi, huku unamfunga mdogo mgongoni kwa kanga. Kupiga magoti maji yakipanda hatukushauri hata kidogo. Dua ndefu ni ya mwinukoni.

Watoto hufuata sauti kuliko maneno. Amri ziwe tatu, kwa sauti nzito ya chini: “Amka! Shikaneni! Twende!” Mkubwa amshike wa kati, daima yule yule, maana aliyekurupushwa usingizini hawezi kuchagua. Fanyeni zoezi mchana mara tatu, kisha kila Jumamosi usiku, taa zimezimwa. Wengi huishia la mchana, halafu gizani hata komeo hawalipati. Tochi na filimbi zikae msumari mmoja, karibu na mlango.

Lipeni korongo mgongo, mpande. Msilifuate wala msilivuke. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Wala usingoje mawingu: mvua ikinyesha milimani, maji hushuka kwenu bila tone kudondoka. Sikiliza mngurumo.

Mkifika juu, waite watoto kwa majina, kila mmoja aitike. Mbuzi watafuatwa kukikucha.