Maswali ya Wasomaji: Rioja ya Miaka Minne, Meza Moja

Hotelini kwetu Casuarina wageni 12 wameomba chakula cha jioni chenye Rioja Gran Reserva, mvinyo mwekundu wa Uhispania uliokaa miaka mingi kabla ya kuuzwa, ya mtengenezaji mmoja, mavuno ya 2001, 2004, 2010 na 2011. Tuna chupa moja ya kila mwaka. Zitatosha? Nizifungue saa ngapi, na nianze na upi?
*Mhudumu, Malindi*

Zitatosha ukipima. Chupa ni mililita 750. Kila mgeni akipata 50, umetoa 600. Hizo 150 zilizobaki usizihesabu kuwa ziada. Kiasi cha 50 kitabaki chini pamoja na mashapo, 50 ni za kukagua jikoni kabla chupa haijafika mezani, na 50 ni za yule mgeni ambaye lazima ataomba tena. Kitakachokusumbua ni glasi: nne kwa kila mtu ni 48. Kama hamna za kutosha, leta miwili kwanza kisha miwili, ila wa 2010 na wa 2011 usiwatenganishe, maana ndio ulinganisho wenye funzo kubwa zaidi hapo.

Simamisha chupa wima siku mbili kabla, mahali pasipotikisika. Mlango wa friji haufai, kila anayetafuta maziwa ataukorogea mvinyo wako. Mashapo yatatulia chini. Siku yenyewe, shughulika kwanza na vizibo. Cha 2001 kimelowa kwa miaka mingi na kizibuo cha kawaida cha msokoto huweza kukichanachana. Tumia kile cha mabapa mawili yanayopenya pembeni, kati ya kizibo na kioo, kisha zungusha huku ukivuta taratibu. Kikivunjika na vipande vikaangukia ndani, chuja kwa kitambaa cha melimeli kilichosuuzwa kwa maji matupu. Karatasi ya kuchujia kahawa huacha ladha yake, na kitambaa chenye sabuni ni balaa.

Wa 2010 na wa 2011 mimina kwenye jagi la kioo saa moja kabla. Wa 2004 nusu saa yamtosha. Wa 2001 usiufungue hadi wageni wameketi: harufu ya mvinyo mkongwe ikishakutana na hewa huweza kupotea kabla supu haijaisha. Unapomimina, weka tochi ya simu nyuma ya shingo ya chupa, mimina bila kusita, na uache pale utakapoona utepe mweusi wa mashapo ukifika begani.

Vitabu vinashauri mvinyo huu unywewe ukiwa nyuzi joto 16 hadi 18. Vitabu hivyo havikuandikwa Malindi wakati wa kaskazi. Mezani kukiwa na nyuzi 29, mililita 50 hupata joto upesi sana, kwa hiyo mimina ukiwa nyuzi 14 au 15 na uuache upande wenyewe. Pima kwa kipimajoto cha jikoni ndani ya jagi, usikisie kwa kiganja.

Kuhusu mpangilio, wengi huanza na mchanga kwenda kwa mkongwe. Sisi kwa Rioja iliyokaa tunapendelea kinyume. Mvinyo mchanga una tanini nyingi, ule ukakasi unaokaza ulimi kama umekula bibo bichi. Ukianza na wa 2011, ulimi ukishakakamaa, wa 2001 utaonekana maji matupu, na mwaka mzuri utakuwa umehukumiwa bila kosa.

Wageni watataka kujua cha kutafuta. Baraza linalosimamia mvinyo wa Rioja hutoa daraja kwa kila mwaka, na miaka yenu yote minne ilipewa la juu kabisa, Excelente. Kwa hiyo swali la upi bora litawapotezea jioni. Waulize tofauti iko wapi. Mwaka 2010 ulikuwa na urari: matunda yaliiva bila kupoteza uchachu, na mvinyo wake una uchangamfu kama wa ukwaju. Mwaka 2011 ulikuwa wa joto na ukame. Mvinyo ni mzito, tunda lake limeiva zaidi, na kileo huhisika kooni. Wa 2001 na wa 2004 tunda limerudi nyuma, na mbele zimekuja ngozi, tumbaku, tini kavu na majani makavu. Kote, kama mtengenezaji ni wa mtindo wa zamani, utasikia vanila na nazi. Nazi hiyo haikutoka kwenye zabibu. Ni mwaloni wa Marekani, katika mapipa ya lita 225.

Nina chupa mbili za Gran Reserva ya 2004, lebo moja, mtengenezaji mmoja. Moja ni nzuri mno, nyingine ina ladha ya jamu iliyoungua. Mwaka mmoja unawezaje kutofautiana hivyo?
*Msomaji, Shela, Lamu*

Mwaka hauna hatia. Chupa ya pili imepikwa na joto. Kabla hujalinganisha miaka, linganisha maisha ya chupa: ilisafiri vipi, ilikaa wapi, umeme ulipokatika ilikuwa wapi. Gran Reserva hukaa na mtengenezaji kwa miaka isiyopungua 5 kabla ya kuuzwa, isiyopungua 2 kati yake ikiwa pipani, tena katika ubaridi wa ghala la chini ya ardhi. Wiki chache tu kwenye stoo ya mabati pwani zaweza kuiharibu kazi hiyo yote.

Dalili zipo kabla hata hujafungua. Mvinyo ukipata joto hupanuka na kukisukuma kizibo, hivyo pitisha kidole juu ya kifuniko cha foili kinachofunika kizibo uone kama kimevimba. Kizungushe: kisipozunguka na kikinata, mvinyo umevuja. Tazama kimo: chupa ya miaka 20 ikiwa imejaa hadi chini ya shingo haina neno, lakini ikishuka hadi katikati ya bega, usiiweke kwenye ulinganisho wowote. Kisha rangi. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, utazame ukingo. Mkongwe huwa na rangi ya tofali, mchanga bado ni mwekundu. Wa 2011 ukiwa kahawia kuliko wa 2001, umeona stoo, hujaona mwaka.

Zihifadhi zikiwa zimelala, nyuzi 12 hadi 15, gizani. Joto la nyuzi 18 lisilobadilika ni afadhali kuliko 12 usiku na 26 mchana.

Mimi ni Muislamu, nafanya kazi mgahawani lakini sionji. Naweza kuijua chupa mbovu?
*Mhudumu, Watamu*

Mipaka yako ya dini ni yako, hatuitolei hukumu. Kikazi, jibu ni ndiyo, kwa sehemu kubwa. Jicho limeshaelezwa hapo juu. Pua inafanya mengi ya yaliyobaki. Harufu ya katoni iliyolowa ni ugonjwa wa kizibo. Hauponi kwa hewa, kadiri chupa inavyokaa wazi ndivyo unavyozidi. Siki kali, au ile harufu ya rangi ya kucha, ni asidi iliyopita kiasi. Tofaa lililokatwa likaachwa kuwa kahawia, hewa imeingia. Harufu ya zizi la punda, ambayo mtu wa Lamu haitaji kuelezwa, hutokana na aina ya hamira ya pori. Ikiwa kidogo wapo wageni wanaoipenda, kwa hiyo uliza kabla ya kuondoa chupa.

Usichoweza kukipima kwa pua ni ukakasi na uchachu. Hivyo viwili mwachie mwenzako, na hata yeye anaonja na kutema.

Je, ninunue 2013? Ni bei nafuu.
*Msomaji, Malindi*

Mwaka 2013 ulikuwa wa baridi na mvua, mavuno yakachelewa, na daraja likawa Buena tu, yaani nzuri. Lakini daraja ni la eneo zima, na hutolewa miezi michache baada ya mavuno, mvinyo ukiwa bado mtoto. Mtengenezaji makini hutupa zabibu mbovu, au mwaka huo hatoi Gran Reserva kabisa. Kwa hiyo ukiikuta ya mtengenezaji mzuri, nunua uinywe mapema, usiiweke pamoja na wa 2010 na kutarajia vilingane. Tazama pia lebo ndogo ya nyuma: ya Gran Reserva ni ya buluu iliyokoza, ya Reserva, daraja lililo chini yake, ni nyekundu ya damu ya mzee. Wauzaji wengine huziweka rafu moja kwa bei moja.

Tuandae chakula gani?
*Mpishi, Malindi*

Mbuzi wa kuoka wenye chumvi na kitunguu saumu, au pilau ya nyama isiyo na pilipili. Pilipili huchochea kileo na ukakasi, na wa 2011 utawaka kama moto. Samaki wa kupaka mpe mgeni kesho yake. Akiliwa pamoja na mvinyo mwekundu wenye tanini, mdomo utabaki na ladha ya sarafu.